Masika Mkaguzi Alipopata Mdogo Wake

Jumatatu, 4 Machi

Mkunga wa kliniki amesema niwe naandika kila siku mtoto amecheza mara ngapi tumboni. Wenzangu wote kwenye benchi aliwaambia wahesabu tu kwa vidole. Mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa niandike, maana aliona nilivyojaza ile fomu bila kufutafuta. Shule niliishia ya msingi, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiutembeza darasa zima wauone. Basi nimegeuza daftari la vipimo, nimeanzia nyuma. Mbele kuna viuno na mabega ya wateja, nyuma kuna wanangu.

Leo mara kumi na nne. Mkunga alisema kumi zinatosha.

Kwa kuwa nafasi ipo, niandike na huyu wa kwanza, binti yangu. Ana miaka miwili na miezi minne. Jina analo, zuri, nililichagua mwenyewe, ila hakuna anayelikumbuka kwa sababu mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Akiingia nyumba ya mtu hasalimii. Anasimama mlangoni, kitumbo mbele, anatazama. Anainama kuona kilichoko chini ya kitanda. Halafu anamkazia macho mwenye nyumba mpaka mwenye nyumba anaanza kujieleza kwa nini leo hajafagia. Nimeona watu wazima wakiomba radhi kwa mtoto anayevaa nepi. Macho kama yale sijaona kwa mtoto mwingine, na mimi kwa kazi yangu ya kushona napima watoto wengi.

Kusema bado. Hana haraka.

Alhamisi, 7 Machi

Mara kumi na sita. Mvua ya kwanza ya masika. Nimeanua nguo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika tumbo. Mkaguzi alisimama uani ameinua uso, mdomo wazi, anaonja kila tone kama anayeamua mvua iruhusiwe au isiruhusiwe.

Jumamosi, 9 Machi

Mara kumi na tano.

Leo bombani nimekutana na jirani yangu wa kushoto. Mimi namwita Mama Redio, kwa ajili ya mwanawe, ambaye amezaliwa wiki moja na wangu na sasa anasema kuanzia asubuhi mpaka betri iishe. Anasema gari, anasema kuku, anasema mama naomba, juzi kasema "hapana kwa kweli."

Mama Redio akatua ndoo, akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba.

"Mwenzangu, huyu wako bado?"

"Bado nini?"

"Kusema."

"Huyu anakusanya kwanza."

"Anakusanya nini?"

"Ya kukuambia wewe siku akianza."

Wanawake wote wakacheka, na yeye akacheka, kwa hiyo sikuwa nimemkosea. Lakini alipomaliza kucheka akasema, polepole, "Masikio yake mmeshayaangalia?"

Nikamwambia masikio ya mwanangu yanasikia kuliko yangu na yake tukijumlisha. Na ni kweli, nina ushahidi. Nyumba yetu sakafu yake ni ya mbao, toka chumbani mpaka barazani. Cherehani yangu ni ile ya miguu, ya chuma kizito, nimeiweka karibu na dirisha. Mkaguzi anaweza kuwa kule barazani amenipa mgongo, anacheza na brashi kuukuu za baba yake. Nikikanyaga tu, hata mara moja, huyo. Anakuja mbio, anaketi chini, anaegemeza mgongo kwenye mguu wa cherehani na kufumba macho kama bosi anayepigiwa muziki. Kiziwi gani huyo?

Jumanne, 12 Machi

Mara kumi na mbili. Nimevimba miguu. Viatu vya mume wangu vinanitosha.

Ijumaa, 15 Machi

Mara kumi na saba.

Mama mkwe amefika, atakaa mpaka nijifungue. Amekuja na begi moja, jembe, na sauti. Mama huyu alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kinu cha kusaga nafaka, zile mashine kubwa, na mpaka leo anaongea kama mashine bado zinazunguka. Anakuomba chumvi, mtaa wa pili wanakuletea.

Hajamaliza kunywa maji, amehamisha masufuria yangu yote. "Mwanangu, ukiwa na tumbo hilo hutakiwi kuinama." Sawa. Lakini mimi najua sufuria zangu zilipokuwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba anamtazama sana mtoto. Mkaguzi naye anamtazama. Wameketi jikoni wanatazamana bila kupepesa, wakaguzi wawili chini ya bati moja, na hakuna hata mmoja aliyepika.

Jumapili, 17 Machi

Mara kumi.

Mume wangu alikuwa kazini, anapaka rangi ndani ya ofisi fulani wanayoifungua. Mama mkwe akasubiri mpaka Mkaguzi alipolala mchana. Akaketi karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu afike akashusha sauti.

"Mwanangu, usinielewe vibaya. Huyu mtoto hasikii."

Nikasema, "Mama, umefika juzi."

"Nimefika juzi, ndiyo maana naona."

Nikamweleza habari za cherehani. Nikamweleza kwamba anasema "ba" na "mmm." Nikamweleza kwamba babu yangu mzaa mama alianza kusema akiwa na miaka minne na akaja kuwa karani. Nilieleza mpaka nikaanza kurudia yaleyale, na mama mkwe ananitazama midomo tu.

Nilisimama nikaenda kukunja nguo zilizokuwa zimekunjwa.

Jumatatu, 18 Machi

Mara kumi na tatu. Sisemi naye. Yeye hajagundua, anaongea tu.

Jumatano, 20 Machi

Leo sikuhesabu.

Mvua ilianza alfajiri, na mume wangu hakwenda kazini kwa sababu ukuta waliokuwa wamefika ni wa nje. Tulikuwa wote ndani. Baada ya chai mama mkwe akaenda kuchukua kigodoro cha Mkaguzi na blanketi mbili, akavileta mpaka kwenye cherehani.

"Baba," akamwambia mwanawe, "inua hii mashine."

"Kwa nini, mama?"

"Inua, halafu uniulize."

Mume wangu akainua upande mmoja, halafu wa pili, na mama yake akasukuma kigodoro na blanketi zilizokunjwa chini ya miguu yote minne. Mimi nikaelewa kabla hajamaliza. Nilijua anataka kufanya nini, na nikaketi kwenye kiti changu kwa hasira, nikasema moyoni, ngoja uaibike.

Mkaguzi alikuwa barazani, ametupa mgongo. Alikuwa amepanga zile brashi kwa ukubwa, kubwa mpaka ndogo. Hakuna aliyemfundisha.

Nikakanyaga. Cherehani ikalia kama siku zote, trrr. Mkaguzi akachukua brashi ya katikati, akaitazama, akairudisha.

Nikakanyaga tena. Nikakanyaga kwa nguvu, kwa miguu yote miwili, mpaka uzi ukakatika na mashine ikabaki inapiga tupu, na mimi namwita, namwita kwa lile jina lake zuri, mume wangu naye anamwita, sauti zetu zilifika kwa Mama Redio kwa sababu alikuja kufungua dirisha lake. Mtoto alikuwa hatua sita kutoka kwetu. Upepo ukapeperusha nywele zake za kisogoni. Hakugeuka.

Mama mkwe akavuta kigodoro na blanketi, akazitoa. Miguu ya chuma ikakaa kwenye mbao.

"Kanyaga," akasema. "Mara moja tu."

Nikakanyaga mara moja, mbao zikatetemeka mpaka barazani.

Mkaguzi akainuka, akaja mbio, anacheka, akaketi chini na kuegemeza mgongo kwenye mguu wa cherehani. Akafumba macho, akangoja.

Nilimchukia yule mama kwa dakika nzima, naandika ukweli. Halafu nikaona mwanangu bado anangoja, mgongo umekaa tayari, basi nikamshonea. Hapakuwa na kitambaa. Nilikanyaga mashine tupu mpaka akatosheka.

Alhamisi, 21 Machi

Sikuhesabu.

Ijumaa, 22 Machi

Mara kumi na moja. Nimepiga makofi nyuma ya kichwa chake mpaka viganja vikauma. Mara moja aligeuka, nikamkumbatia kwa furaha. Kumbe ameona kivuli changu ukutani.

Jumanne, 26 Machi

Tumekwenda hospitali kubwa kwa daktari wa masikio. Mama wa makamo, ana haraka lakini si mkali. Wakamweka Mkaguzi kwenye chumba kidogo kilichofunikwa ukuta mzima kwa sponji, na yeye kabla ya kukubali kuketi akakizunguka chote, akabonyeza kila ukuta kwa kidole. Daktari akacheka. Akasema, "Huyu ana akili." Nikamwambia najua.

Majibu: sikio la kulia hakuna kitu. La kushoto kuna mabaki, kidogo sana, pengine anasikia ngurumo iliyo karibu. Huenda amezaliwa hivyo, huenda ni ile homa aliyougua akiwa na miezi mitano, haijulikani na haitajulikana. Nikamuuliza kama ni mimi, kama kuna kitu nilikula au nilibeba. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, si wewe." Alisema mara mbili, nadhani amezoea kwamba mara ya kwanza hatusikii.

Mume wangu akauliza, "Na huyu wa tumboni?"

"Hatuwezi kujua. Akizaliwa mleteni wiki ya sita, tutampima."

Kurudi tumenyeshewa. Mume wangu alimbeba kifuani, kafunikwa kwa turubai la kazini. Tulipofika kwenye kona yetu akasimama.

"Kila siku nikirudi namwita kuanzia hapa," akasema. "Hageuki mpaka nifike mlangoni. Miaka miwili nikidhani mwanangu anaringa. Nikifurahi kwamba anaringa."

Nilikuwa nawaza kwamba kila wimbo niliomwimbia niliimba peke yangu.

Mara kumi na mbili. Kila teke la huyu wa ndani nauliza, na wewe?

Ijumaa, 29 Machi

Mara kumi na nne. Mvua. Nimeshona kola saba, zote zimepinda.

Jumatatu, 1 Aprili

Mara kumi na sita.

Nilikuwa nimelala mchana, miguu juu ya mto, nikaamka kwa kucheka. Kicheko cha Mkaguzi, kile kinachotoka tumboni. Nikaenda kuchungulia jikoni.

Mama mkwe ameketi kwenye kigoda. Mkaguzi amesimama mbele yake. Bibi akapeleka ngumi mdomoni, kama mtu anayenywa, akanyoosha kiganja. Mkaguzi akageuka, akachukua kikombe cha maji kwenye meza, kwa mikono miwili, akampa. Kisha Mkaguzi naye akapeleka ngumi mdomoni. Bibi akampa kikombe. Mtoto akanywa, akarudisha. Akaomba tena, si kwa kiu, tumbo lilikuwa limejaa maji mpaka linang'aa. Aliomba kwa sababu kuomba kunawezekana.

Nilisimama mlangoni sijui kwa muda gani. Nimeona mambo, nimeona kichwa cha huyuhuyu kikitoka mwilini mwangu, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Mtu alikuwa ndani ya mwanangu siku zote, anasubiri mtu abishe hodi upande wenye mlango.

Na niandike na hili: niliona wivu. Nimebeba mimi, nimenyonyesha mimi, na neno lake la kwanza amempa bibi yake.

Jumanne, 2 Aprili

Mara kumi na tano. Nimemuuliza mama mkwe amejifunza wapi.

"Kinuni," akasema. "Mashine nne zinazunguka, utamwita nani? Kila kitu mikono. Leta maji. Simamisha mashine. Gunia limejaa. Msimamizi anakuja. Tulisengenyana siku nzima, mwanangu, na msimamizi amesimama katikati yetu."

"Na ulijuaje kwamba hasikii? Mimi mama yake sikujua."

Akavuta kigoda karibu yangu. Halafu akasema, kwa ile sauti ndogo ambayo kumbe anayo, "Kile kinu kilichukua masikio yangu, mwanangu. Yamebaki robo. Mtu akiniambia kitu naangalia midomo. Nilipofika hapa nikaona mtoto anaangalia midomo ya watu vilevile ninavyoangalia mimi. Wewe utajuaje? Wewe unasikia."

Miaka mitano ya ndoa nilidhani ananikodolea macho kutafuta kasoro.

Alhamisi, 4 Aprili

Mara kumi na tisa. Nimejifunza alama za mikono kumi na moja: maji, chakula, njoo, simama, moto, lala, chafu, nzuri, kuku, bibi, baba. Mama mkwe anasema wasichana wapya kinuni walichukua wiki. Mimi siku mbili. Miaka kumi ya sindano, vidole hivi si vya mchezo.

Jumapili, 7 Aprili

Mara kumi na nane.

Leo Mkaguzi amesema nami.

Nilikuwa nimeketi barazani namenya viazi. Akaja, akasimama mbele ya tumbo langu, akalikagua juu mpaka chini. Akaweka sikio la kushoto, akaondoa. Akaweka kiganja, akaacha. Wa ndani akapiga teke palepale. Mkaguzi akaruka nyuma, akanitazama, macho yamekuwa sahani. Halafu akajipiga mbavu zake kwa viganja viwili, pap pap.

Nikamwita mama mkwe aje atafsiri. Akatazama, akaanza kucheka mpaka akashika mlango.

"Anasema gunia limejaa."

Neno la kwanza mwanangu kunipa, na nimeambiwa mimi ni gunia. Nimelia nusu saa, viazi vimeiva kwa machozi. Sijawahi kuitwa kitu kizuri zaidi.

Jumatano, 10 Aprili

Mara kumi na nne. Mvua kubwa kuliko zote. Juu ya bati ilikuwa kama wanamwaga kokoto. Mume wangu ananiambia kitu, simsikii, namwambia nini, hanisikii. Tukakata tamaa, tukanyamaza. Mkaguzi na bibi yake wameketi mkekani wanaendelea na mazungumzo yao bila shida yoyote. Tuliwatazama kama watu waliokosa basi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mara kumi na sita.

Mwalimu wa watoto viziwi amekuja nyumbani, kijana wa kike, naye ni kiziwi. Daktari ndiye aliyempa anwani yetu. Mkaguzi alimkagua kama kawaida, na mwalimu naye akamkagua, halafu akamwambia kitu kwa mikono kilichomfanya mwanangu aketi chini ghafla, mzima mzima, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Ameandika kwenye karatasi kwamba lugha ya bibi ni mwanzo mzuri sana, ila tujifunze na ile wanayotumia wenzake, ili siku akienda shule awe na watu wa kusema nao. Atakuja kila Jumamosi. Ile ya gunia amesema tuiache kama ilivyo, hata yeye ataitumia.

Nimemuuliza kwa maandishi: mdogo wake akizaliwa anasikia, si atamwacha dada yake peke yake? Akasoma, akanitazama. Akaandika: "Inategemea nyumba." Halafu akaandika tena chini: "Mimi wadogo zangu watatu wanasikia. Ndio waliocheka na mimi."

Jumatatu, 15 Aprili

Mara kumi na tatu. Mume wangu amerudi kutoka kazini, Mkaguzi akamwona dirishani. Akaweka vidole viwili begani haraka, akaficha brashi mpya aliyokuwa ameiiba. Ile ni "msimamizi anakuja."

"Yaani mimi ndiye msimamizi?" baba yake akauliza.

"Shukuru," nikamwambia. "Mimi gunia."

Mikono yake ni migumu, rangi imeingia mpaka kwenye mikunjo. Jana alitaka kumwambia "nzuri" akamwambia "chafu," mtoto akaenda kunawa. Lakini anafanya mazoezi. Nimemwona kupitia dirisha, juu ya ngazi, brashi mdomoni, anajisemea kwa vidole.

Alhamisi, 18 Aprili

Mara kumi na moja. Mama Redio amekuja, hajui aanzie wapi, kitu ambacho sijawahi kukiona.

"Mwenzangu, mwanao akija kwangu namwita aje kula, ni kama naita ukuta. Nifundishe hiyo ya kula."

Nikamfundisha. Nikamfundisha na ya kwenda nyumbani, maana najua ataihitaji. Alipokuwa anaondoka akasema, "Siku ile bombani nilikuudhi."

"Uliniudhi," nikasema. "Lakini ulikuwa umeona."

Jumanne, 23 Aprili

Mara kumi. Tumbo limeshuka. Natembea kama bata na sioni miguu yangu. Ninachoogopa sasa sijui hata ni kipi. Akisikia, naogopa kwa ajili ya dada yake. Asiposikia, naogopa kwa ajili yake. Mume wangu amesema tukubaliane: hakuna kupiga makofi. Atapimwa wiki ya sita na daktari, hapa nyumbani atabebwa tu. Nimekubali.

Jumamosi, 27 Aprili

Amezaliwa. Saa tano asubuhi, wa kiume, kilo tatu na gramu mia saba. Mkunga amesema wodi nzima hakuna aliyemfikia. Sikupiga kelele hata moja, au nilipiga mbili.

Jumapili, 28 Aprili

Tumerudi nyumbani. Mkaguzi alikuwa mlangoni. Nikainama, nikamfunulia. Akamtazama mdogo wake kuanzia unyayo: vidole, goti, kitovu, akakawia hapo, shingo, nyusi. Akanitazama mimi, akatazama tumbo langu lililolegea. Akampiga mtoto mbavu kwa viganja viwili, taratibu, pap pap. Kisha akajipiga mwenyewe, akatikisa kichwa: gunia halijajaa tena.

Ameelewa kila kitu. Gunia ni lilelile, kilichokuwa ndani kiko nje. Kuna wasomi waliohitaji vitabu kwa jambo hilo.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemkuta mume wangu amesimama juu ya kitanda cha mtoto, mikono imeachana, tayari. Aliponiona akaisugua kama anayetoa rangi.

"Nilikuwa naondoa mbu," akasema.

"Wa aina gani?"

"Mkubwa."

Sikumgombeza. Jana mimi mwenyewe nilikohoa bila kikohozi.

Jumanne, 7 Mei

Mvua imekatika, jua la asubuhi limeingia jikoni. Mama mkwe anachambua mchele, mimi nimeketi na mtoto kifuani, amenyonya, analala. Mkaguzi yuko sakafuni anacheza na kifuniko cha ile sufuria kubwa. Akakiinua kwa mikono miwili mpaka usawa wa kidevu, akakiachia.

Kelele yake unaijua. Mtoto akaruka. Mikono yote miwili ikafunguka, vidole vikatawanyika, macho yakafunguka.

Mimi si wa kudanganyika mara mbili. Kwanza nilitazama chini: jikoni kwetu ndiko pekee kwenye saruji, haitetemeki kama mbao, na mtoto alikuwa mikononi mwangu, hajagusa kitu. Sauti imempata kupitia hewa. Anasikia.

Nikamshukuru Mungu, na kabla sijamaliza kushukuru moyo ukanigeuka, nikamtafuta dada yake kwa macho. Nilidhani nitaona mtu aliyeachwa.

Mkaguzi alikuwa amekaza macho kwa mdogo wake. Alikuwa ameona ile mikono ilivyofunguka. Akanitazama mimi, kama ni mimi niliyemfinya. Akamtazama bibi yake. Akatazama kifuniko. Akakiinua tena, kidevuni, safari hii macho hayapo kwenye kifuniko, yapo kwa mtoto, na akakiachia.

Mtoto akaruka tena. Akakunja uso, akalia kidogo, nikambembeleza.

Mkaguzi akaniuliza kwa mkono: nini?

Nilikuwa na alama mia moja na kumi kwa hesabu yangu, na sikuwa na ya hiyo. Nilibaki nimenyoosha kiganja hewani. Alikiokota kifuniko, akakigeuza, akakiangalia kwa ndani, akapitisha kidole ukingoni mzunguko mzima. Kuna kitu kinatoka humu, kinaruka mpaka kule, kinamgusa huyu, na mimi sikioni. Niliyasoma hayo usoni mwake, mstari kwa mstari. Mwanangu alikuwa amegundua sauti. Hakuna aliyemwambia ipo. Aliiona ikipita kwa mdogo wake.

Akakiinua mara ya tatu.

Mama mkwe akaanza kunyanyuka amnyang'anye. Nikamshika mkono.

Mkaguzi hakukiachia. Alichuchumaa, polepole, huku anamtazama mdogo wake usoni. Akagusisha ukingo mmoja kwenye saruji. Akangoja. Mtoto hakutikisika. Akalaza upande wa pili, kidogo kidogo, ulimi nje kwa bidii, mpaka kifuniko kikakaa chini chote. Mimi ninayesikia sikusikia kitu.

Akaanza kuondoa vidole vyake, kimoja baada ya kingine, cha mwisho kile kidogo. Mdogo wake amelala.